Utando wa Pili

Castel Fiumana, 4 Machi 1774

Kwa Bi Orsola Tassinari, fundi wa vielelezo vya nta, Bologna

Bi Orsola,

Naandika nikiwa na kielelezo chako cha nne, kile cha mtoto ndani ya mfuko wa uzazi, mbele yangu na kibanzi cha pembe mkononi. Nimeinua ukingo wa utando mara tatu, kwa uangalifu uleule niliofundishwa nikiwa mwanafunzi, nikitafuta chini yake utando mwingine. Haupo. Naomba unieleze uko wapi.

Usidhani nauliza kwa udadisi. Tarehe 18 Februari, Rosalba Cimatti, mke wa mwoka mikate wa hapa, alijifungua mtoto wa kike ambaye yu mzima na ananyonyeshwa na jirani. Aliyemzalisha ni Pellegrina Savorani, mkunga wa miaka arobaini na saba, mmoja wa wakunga kumi na mmoja niliowalazimisha mwaka jana kuhudhuria shule yangu. Siku ya tatu Rosalba alishikwa na homa. Siku ya tisa alifariki. Mumewe aliniruhusu kuupasua mwili, na kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi nilikuta kipande cha utando, upana wa vidole viwili, kimeoza.

Nilimhoji Pellegrina mbele ya Padri Mkuu.

“Ulilikagua kondo la nyuma?”

“Nililikagua, Daktari. Utando ulikuwa mzima kama gunia jipya.”

“Utando upi?”

“Upi tena? Si ule ule ulionifundisha wewe?”

Jibu hilo ndilo lililonirudisha kwenye kielelezo chako.

Wewe unajua, maana umezibandua tando kwa mikono yako, kwamba mwili umegawanywa nazo zaidi kuliko unavyogawanywa na mifupa. Utando unaofunika mapafu hutoa unyevu, na bila unyevu huo kila pumzi ingekuwa msuguano. Unaofunika utumbo huuacha uteleze bila kujifunga. Ulio ndani ya goti hulainisha kiungo kuliko mafuta yoyote. Kila mmoja una kazi yake, na kila mmoja una pande mbili ambazo hazifanani. Chupa ya mtoto, yaani mfuko wa maji anamokaa tumboni, nayo ina tando mbili. Wa ndani ni mwembamba, mwangavu na wenye nguvu ya kushangaza. Huyashika maji, na hauna hata mshipa mmoja wa damu. Wa nje ni mzito zaidi, wenye rangi ya maziwa yaliyoganda, na huchanika upesi. Huo ndio unaogusana na mama. Kwa sababu hiyo wa ndani unaweza kutoka mzima na kumtuliza mkunga, ilhali kipande cha wa nje kimebaki ndani kinaoza.

Baraza la Mji litaketi Jumanne tarehe 12 Aprili kuamua kama Pellegrina anyang'anywe hati ya ukunga. Ni mjane, hana shamba, wala hajui kazi nyingine.

Niliagiza tando mbili. Nimeletewa mmoja. Nangoja maelezo, pole sizihitaji.

Lodovico Ghedini, daktari wa upasuaji


Bologna, 11 Machi 1774

Kwa Daktari Lodovico Ghedini, Castel Fiumana

Bwana Daktari,

Utando wa pili niliuyeyusha tarehe 5 Juni mwaka jana, asubuhi, baada ya kusoma barua yako ya tarehe 2. Barua hiyo, uliyoiandika ulipotoka kukitazama kielelezo katika karakana yangu, ninayo. Kwa kuwa yaelekea wewe huna nakala, nakunukulia:

“Kazi ni nzuri, ila utando una ukungu. Uso wa mtoto hauonekani. Mjumbe wa Papa atatutembelea mwezi Agosti, na nataka auone uso huo kama mtu anavyoona samaki kwenye maji safi. Uondoe ukungu kwa njia yoyote utakayoona inafaa.”

Nta ina sheria zake, wala hazibadiliki kwa kuwa kuna mgeni anakuja. Naitengeneza karatasi ya nta kwa kuimimina juu ya marumaru iliyoloweshwa, nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Moja hupitisha mwanga. Ukiiweka ya pili juu yake, hewa huingia katikati, na unapata ukungu kama wa pumzi kwenye kioo. Nilijaribu kuilainisha nta kwa tapentaini zaidi. Nilijaribu kuzibandika kwa joto, zikajikunja. Nilijaribu kwa siku mbili. Njia iliyobaki ilikuwa moja, nami nikaifuata: uliagiza mwanga, nikakupa mwanga.

Mwezi Julai ulikipokea kielelezo na kunirudishia orodha yenye sahihi yako: “Cha nne. Tando mbili. Nimekikagua. Kiko sawa.” Hicho kibanzi cha pembe unachokisifu, siku ile kilikuwa wapi?

Nimesikitika kwa ajili ya Rosalba Cimatti. Najua hukuomba pole. Hii naitoa kwa wafiwa wenyewe.

Orsola Tassinari


Castel Fiumana, 16 Machi 1774

Bi Orsola,

Barua yako imejaa usahihi wa aina inayoudhi. Sikatai maneno yangu. Nakataa tafsiri yako. Mtu akimwambia seremala apunguze uzito wa mlango, hatarajii kurudi na kukuta bawaba zimeondolewa.

Hata hivyo, kubishana nani alimwambia nani hakutusaidii. Hali ilivyo ni hii. Mjumbe wa Papa aliuona uso ule, akajifuta macho mbele ya watu, na wiki mbili baadaye shule ikapata kibali chake. Bila shule, wakunga wa wilaya hii watarudia kufuga ukucha wa kidole gumba kwa ajili ya kutoboa chupa kabla ya wakati. Na unajua maji yakimwagika mapema mtoto hukosa mto wake wa kulalia, na mlango wa uzazi hukosa kitu laini cha kuufungua. Nimehesabu vifo. Vimepungua. Sitaki hesabu hiyo ifutwe kwa kasoro moja.

Zaidi ya hayo, tarehe 8 Machi, kabla barua yako haijafika, Baraza lilinitaka nithibitishe kwa maandishi kwamba vielelezo vya shule havina kosa. Nilithibitisha. Nilikuwa bado nangoja maelezo yako, na mtu hatoi hukumu juu ya kazi ya fundi kabla ya kumsikiliza.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Tengeneza utando wa nje. Uutume ukiwa umefungwa kwa kitani chenye unyevu, uje nyumbani kwangu, usipelekwe shuleni, na unifikie kabla ya tarehe 8 Aprili. Nitaubandika mwenyewe. Wajumbe wa Baraza watakikagua kielelezo tarehe 12 na watakuta tando mbili, kama orodha inavyosema. Sikuombi useme uongo. Nakuomba ukamilishe kazi uliyolipwa.

Barua yangu ya kukupendekeza kwa shule nyingine, ambayo inahitaji vielelezo kumi na viwili, ipo mezani. Bado sijaituma.

L. Ghedini


Castel Fiumana, 22 Machi 1774

Kwa Bi Orsola anayefanya kazi ya nta, Bologna

Bi Orsola,

Mimi ni Pellegrina Savorani, mkunga. Kuandika sijui. Anayeandika ni Padri Tiberio, na nimemwapisha aandike ninachosema, asiandike anachodhani nilitaka kusema. Hata sasa amekunja uso. Andika, Padri.

Nina swali moja, lakini kwanza nisikilize.

Nimepokea watoto zaidi ya mia saba. Zamani kondo likitoka nilikuwa nalitia kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Alinifundisha shangazi yangu. Ukilitia majini tando zinaelea, zinaachana zenyewe kama shuka mbili zilizofuliwa pamoja. Majina yake sikuyajua. Nilijua tu kwamba lazima zielee mbili, tena nzima. Ukiona mmoja una pengo, ujue kuna kitu kimebaki kwa mama, na hapo kulala hakuna.

Daktari alipofungua shule akatuuliza mmoja mmoja tunavyokagua. Nikamwambia habari ya beseni. Akatabasamu, maana kucheka yeye hacheki.

“Hapa hatuoshi mboga, mama. Litandazwe juu ya kitambaa kikavu, kama kwenye kielelezo.”

Wenzangu walicheka wakanipachika jina, Mama Mboga. Siku hiyohiyo akanikata ukucha wa kidole gumba kwa mkasi wake mbele ya wote. Ukucha nimemsamehe. Kwenye ukucha alikuwa na haki, na tangu hapo nimeona tofauti.

Halafu nikafungwa kitambaa machoni, ili mkono ujifunze bila jicho, nikapapasa nta yako. Nikapapasa jana, leo, kesho, miezi mitano. Utando mmoja. Nikajiambia, basi shangazi alikosea, au maji ndiyo yalikuwa yananidanganya. Kitu kimetoka Bologna, kimefanywa na watu waliosoma, mimi nani hata nikibishie? Daktari darasani alisema tando ni mbili. Alisema kwa mdomo, tena na Kilatini ndani yake. Sisi tunasoma kwa mkono, na mkono ulishika mmoja.

Kwa Rosalba nililitandaza kondo juu ya kitambaa kikavu, kama mwanafunzi mzuri. Tando zimelala zimegandana, unaona kitu kimoja, kinang'aa, kizima. Nikamwambia mumewe, “Leta divai, Cimatti, kazi imekwisha.” Nilikunywa divai yao, Bi Orsola. Nilikunywa vikombe viwili.

Padri anasema nisiseme hilo la divai. Liache hapohapo.

Chumba cha vielelezo kimefungwa kwa ufunguo tangu siku ya mazishi. Daktari ukimwuliza anatazama juu ya kichwa chako. Sasa swali langu: ulitengeneza tando ngapi? Ukisema mbili, basi vidole vyangu vimezeeka, na hati nitairudisha mwenyewe kabla ya kunyang'anywa, maana sitaki kuua mwingine. Ukisema mmoja, basi ulisemee mahali ambapo watu watasikia. Kunijibu mimi peke yangu hakutanifaa.

Alama ya msalaba ya Pellegrina Savorani, kwa mkono wa Padri Tiberio, ambaye amebadilisha neno moja tu


Bologna, 29 Machi 1774

Bwana Daktari,

Niliutengeneza utando ulioniomba. Nakwambia hivyo ili usidhani nilikuwa mwema tangu mwanzo. Nilikaa nao siku nne. Niliuchanganyia chokaa kidogo upate rangi ya maziwa, na nikaukwaruza kwa brashi ya nywele za nguruwe upande wa mama, ili uwe na ule ukavu wa kweli. Sijawahi kutengeneza utando uliofanana zaidi na wa mtu. Nilikwisha kuloweka kitani cha kuufungia.

Kisha nikaletewa barua ya Pellegrina Savorani.

Ananiuliza nilitengeneza tando ngapi. Anasema nikijibu mbili atairudisha hati yake kwa hiari. Fikiri, Bwana Daktari, jinsi ilivyo rahisi. Kwa kipande cha nta kisichozidi uzito wa jani, mimi na wewe tungemfanya mwanamke huyu asiviamini vidole vyake maisha yake yote. Wala tusingelazimika kumshtaki. Angejishtaki mwenyewe na kutushukuru.

Nimeuyeyusha kwa mara ya pili.

Katika barua yangu ya tarehe 11 kuna jambo sikulisema. Baada ya kuuondoa utando mwezi Juni nilikuandikia maneno mawili: “Nimefanya ulivyotaka.” Sikusema nimefanya nini. Nilijua kwamba utando ule una kazi. Nimeshika makondo mengi kuliko idadi ya wanafunzi wako, na yote yalikuwa na tando mbili. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nilichoka na ukungu na kwa sababu kilipendeza. Kosa hilo ni langu, na nitalitia sahihi popote.

Lakini kuna jambo moja aliloliandika ambalo sikulijua, na nadhani wewe hukutaka kulijua. Mwanamke huyu alikuwa na beseni la maji. Ndani ya beseni lile tando zilikuwa mbili, kila siku, bila nta na bila Bologna. Ulimwambia haoshi mboga.

Nimenakili barua yako ya tarehe 2 Juni, na orodha yenye sahihi yako, na maelezo yangu mwenyewe. Una njia mbili. Usimame tarehe 12 Aprili uyasome yote matatu kwa sauti yako. Au nakala zimfikie Padri Mkuu wa hapo kwa gari la posta la tarehe 9. Nataka jibu kabla ya siku hiyo. Kuhusu vielelezo kumi na viwili, barua yako ya pendekezo unaweza kuichana.

Orsola Tassinari


Castel Fiumana, 13 Aprili 1774

Bi Orsola,

Ulipokea kwa wakati neno langu moja, “Nitasoma,” na nakushukuru kwa kutotuma nakala. Shukrani zangu zinaishia hapo. Sikuwahi kutishwa kwa maandishi nadhifu namna ile, na bado sijaamua kama nilisimama jana kwa sababu yako au kwa sababu yangu. Ningependa kujua. Wewe umenizuia nisijue.

Nasimulia kwa mpangilio.

Wajumbe walikuwa tisa. Nilisoma barua yangu ya Juni, orodha, na maelezo yako. Kisha nikakitengua cheti changu cha tarehe 8 Machi mbele yao. Mwenyekiti aliniuliza kama nasema kwamba kielelezo ni kibovu. Nikasema hapana, kielelezo ni kizuri mno, na huo ndio ubovu wake. Akasema haelewi. Nikaagiza beseni.

Nilikuwa nimepata, kwa idhini ya mama mwenyewe, kondo la asubuhi ileile. Nililitandaza kwanza juu ya kitambaa kikavu. “Tando ngapi?” nikawauliza. Wote tisa wakasema mmoja. Nikamwomba Pellegrina aendelee. Akainuka, akakunja mikono ya gauni, akalitia kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Zikaachana. Mjumbe mmoja, muuza ngozi, mtu anayejua tabaka za kitu, alisimama kabisa kutoka kitini.

“Ehe, ni mbili hizo!”

“Ni mbili tangu Hawa,” Pellegrina akamjibu. “Kaa, Mzee, unanizibia mwanga.”

Ningetaka kuishia hapo. Lakini Cimatti, mwoka mikate, alikuwa nyuma ya ukumbi, na unga ulikuwa bado kwenye mikono yake. Aliomba kusema. Alisema jambo moja tu.

“Kwa hiyo mke wangu amekufa ili Mjumbe wa Papa aone uso wa mtoto wa nta?”

Mwenyekiti alinitazama mimi. Cimatti alingoja kwa adabu, muda mrefu kuliko nilivyostahili, kisha akatoka. Leo asubuhi nilipita dukani kwake. Alinihudumia mkate kama anavyomhudumia mtu yeyote. Naona hilo ni zito kuliko kama angenifukuza.

Uamuzi wa Baraza ni wa ovyo, kama maamuzi ya watu tisa yalivyo. Pellegrina atabaki na hati yake, lakini ameandikiwa onyo, kwa kosa ambalo hawakuweza kulitaja. Nilipinga, wakasema lazima kiandikwe kitu. Shule itaendelea. Ukaguzi wa kondo hautafundishwa tena nami. Utafundishwa na yeye, kwa beseni. Jana jioni alikuja kuchukua ufunguo wa chumba cha vielelezo. Niliutoa mfukoni. Hakusema asante, wala hapakuwa na sababu ya kusema.

Kielelezo cha nne nakurudishia kwa gari hili. Kifanye utakavyo. Barua ya pendekezo nimeituma, kwa kuwa kazi yako ni bora kuliko yoyote niliyoiona, na ukweli huo haubadiliki kwa sababu nimeudhika nawe.

L. Ghedini


Bologna, 2 Mei 1774

Kwa Pellegrina Savorani, Castel Fiumana. Padri Tiberio, tafadhali msomee peke yake, Daktari asisikie.

Dada Pellegrina,

Nilitengeneza utando mmoja. Ulikwisha kulisikia jibu hili ukumbini, lakini uliniuliza mimi, na mtu akiulizwa hujibu kwa kinywa chake.

Vidole vyako havijazeeka.

Sanduku hili lina kielelezo cha nne. Nimekifanyia kazi wiki mbili. Sasa kina tando mbili. Wa ndani ni uleule, mwangavu, na ni mzima kabisa. Juu yake nimeweka wa nje, wenye rangi ya maziwa, nikautia uzi wa hariri ili uvumilie vidole. Lakini sikuuweka mzima. Upande mmoja nimeukata kipande cha upana wa vidole viwili, kulingana na vipimo ambavyo Daktari alivipata katika mwili wa Rosalba, na kipande hicho nimekibandika mahali pake, kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi.

Uso wa mtoto hauonekani tena. Atakayetaka kuuona, angoje mtoto azaliwe.

Hakuna anayejua pengo liko upande gani ila mimi, na sasa wewe: ni kushoto, karibu na ukingo wa kondo. Usiwaambie wanafunzi. Wafunge kitambaa machoni, uwaulize kama tando ni nzima.

Siombi unisamehe. Naomba ukitumie.

Orsola


Castel Fiumana, 20 Mei 1774

Bi Orsola,

Padri Tiberio ndiye anaandika tena. Safari hii hajakunja uso, ana haraka, ana ubatizo.

Sanduku lilifika zima. Nimekipapasa kielelezo chako nikiwa peke yangu, kwanza nikitazama, halafu kwa kitambaa. Umejua kunikasirisha, Bi Orsola. Nilikaa chini nikalia, nikakutukana, halafu nikakipapasa tena. Ndivyo ulivyokuwa utando wa Rosalba. Ndivyo hasa ulivyokuwa, na mimi niko pale na kikombe cha divai mkononi.

Kukusamehe, bado. Sikudanganyi. Nikikusamehe nitamtuma Padri akuandikie, usihangaike kuuliza.

Jumatatu niliwapima wanafunzi. Kila mmoja kitambaa machoni, kila mmoja swali lile lile: “Tando ni nzima?” Wa kwanza akasema nzima. Wa pili nzima. Assunta wa kinu, anayejifanya anajua kila kitu, akasema, “Nzima, Mama Mboga, niwashie mshumaa wa shukrani.” Nikamwambia subiri huo mshumaa. Wote kumi wakasema nzima. Ndipo nikawafungua vitambaa, nikawaonyesha, na Assunta hakuongea tena mpaka chakula cha mchana.

Beseni lilikuwa tayari, maji yanafuka, maana baada ya nta nilikuwa niwafundishe la kweli. Hapo Daktari akaingia. Siku hizi anakuja, anakaa benchi la nyuma kama mtu aliyechelewa misa.

Nikamwambia, “Njoo mbele, Daktari. Kitambaa.”

Akasema, “Mimi?”

“Kwani wewe vidole huna?”

Akaja. Nilimfunga mwenyewe, nikakaza. Nikamwuliza kama nilivyowauliza wengine. Vidole vyake ni vyepesi, namkubali, kuliko vya mtu yeyote humu. Vikazunguka ukingo mzima, upesi, kama mtu anayesoma sala anayoijua.

“Tando mbili,” akasema. “Safari hii ni mbili. Zote nzima.”

Assunta akaziba mdomo kwa mkono.

“Rudia, Daktari,” nikamwambia.

Akarudia, polepole sasa, akitanguliza kidole kimoja, na alipofika upande wa kushoto kidole kikasimama. Kikaingia kwenye pengo, kikalipima. Upana wa vidole viwili. Akakijua, kile kipande alichokikuta kwa Rosalba. Nilimwona anavyokijua, kitambaa kikiwa bado machoni.

Hakuutoa mkono. Tulikaa hivyo darasa zima, yeye na kidole chake pale, mpaka maji ya beseni yakapoa.

Alama ya msalaba ya Pellegrina Savorani, kwa mkono wa Padri Tiberio, ambaye hakubadilisha neno